Kompyuta ya Mama Huzimika Jumapili

4 Machi

Wifi,

Nakuandikia barua kwa sababu simu zangu umeamua kuzitazama zikilia mpaka zichoke zenyewe. Mdogo wangu, huyo mume wako, nimempa bahasha hii mkononi. Nimemwambia aiweke mbele kwenye lori, si nyuma kwenye mizigo, na akufikishie bila kuifungua. Aliipokea kwa vidole viwili kama mtu aliyepewa panya aliyekufa.

Jana tena. Nimekaa mbele ya kioo cha kompyuta yangu saa zile zile za Jumapili zote, nimechana nywele ili mama asiseme sijitunzi. Nimempata, uso wake mzuri kabisa. Nimemuuliza dawa, kaniitikia. Nimemwambia afunue miguu nitazame uvimbe, kafunua. Nikaanza kumweleza jambo la maana, na katikati ya sentensi kioo kikawa cheusi. Nikapiga tena na tena, wapi! Baadaye ndipo ukanitupia ujumbe kwenye simu: "Imepata joto, imezimika." Hayo kwako ndiyo maelezo.

Nikukumbushe, maana unasahau haraka. Kompyuta hiyo iliyoko kwako nimeinunua mimi, mpya, ikiwa ndani ya boksi lake, mama alipopata kiharusi. Niliituma kwa sababu kioo cha simu yako ni kidogo na macho yake hayaoni vizuri. Haikuja kwako ili utazamie tamthilia na mitindo ya magauni ukiwa kazini. Kitu kipya hakizimiki hovyo bila mkono wa mtu.

Nakwambia mapema usije ukasema hukuambiwa. Hali ikiendelea hivi mwezi huu wote, nakuja kumchukua mama. Hapa hospitalini kwetu lipo jengo la wazee. Nitamwona kila siku kabla sijaingia zamu, na sitaomba ruhusa ya mtu kumwona mama yangu mwenyewe.

Wifi yako,
Muuguzi

9 Machi

Wifi Muuguzi,

Barua yako nimeipata. Mume wangu aliiweka juu ya kitambaa cha sare nilichokuwa nakata, akakimbilia bafuni kabla sijaifungua, na alioga mpaka maji ya pipa yakaisha. Ndiye mdogo wako huyo, mnajuana.

Sasa na mimi nikupe vidonge vyako, maana umezoea kutoa tu.

Simu zako sipokei kwa sababu mara ya mwisho nilipopokea hukunisalimia. Uliniuliza kama nimemwogesha mama au nimempitishia kitambaa tu. Wifi, mama anaoga kabla mimi sijanawa uso. Alipotoka hospitalini mkono wake wa kulia ulikuwa umelala kama soksi. Leo anashika sindano ya kufumia na anafuma. Hilo hujawahi kuliuliza. Wewe unauliza uvimbe, unauliza choo, unauliza presha, kisha unaanza kuniuliza mimi nimesomea wapi.

Kuhusu kompyuta, inapata joto, inazimika. Ukiigusa chini utadhani pasi. Feni yake inalia kama nyigu kwenye chupa, halafu kimya, kioo cheusi. Ulitaka nikuandikie kitabu? Tamthilia sitazami. Nina sare za shule mbili nzima za kushona, na hakuna mteja anayekubali kuambiwa nilikuwa natazama wanaolia kwenye runinga.

Kuhusu kumchukua mama, hapo umenigusa pabaya. Mama ana chumba chake hapa, kitanda chake, dirisha lake linalotazama uani. Anajua kila mlango wa nyumba hii kwa mlio wake. Umemuuliza yeye? Au utamfunga kamba kama mzigo na kumpakia? Mimi mama aliyenizaa sikumjua, wifi. Huyu ndiye niliye naye. Kwa hiyo usinitishie naye kana kwamba unadai sufuria uliyoniazima.

Wifi yako,
Fundi Cherehani

11 Machi

Wifi,

Jana tena ikazimika. Sitaki kujibizana kuhusu moyo wako, tuzungumze kuhusu mashine.

Nimemuuliza kijana wetu anayetunza kompyuta za hospitali. Amesema isiwekwe kitandani hata kidogo, godoro linaziba matundu ya chini, mashine inakosa pumzi. Iwekwe mahali pagumu. Vumbi lipulizwe. Ikae mbali na dirisha lenye jua, na programu nyingine zote zifungwe kabla sijapiga. Nimekutumia na kistendi chenye feni mbili chini yake, kinachochomekwa ubavuni mwa kompyuta. Kitumie. Usikifanye cha kuwekea nyuzi.

Na kuna jambo nimeligundua, usidhani nimelala. Nikizungumza na mama habari za dawa, haizimiki. Nikizungumza habari za wanangu, haizimiki. Jumapili ile nilipomsimulia mgonjwa aliyetoroka wodini na viatu vya daktari, tulicheka mpaka mwisho na tukaagana vizuri. Lakini nikianza kumwambia mama anavyotunzwa humo ndani, haipiti muda, giza. Mashine gani hiyo inayochagua mazungumzo? Wewe unakaa nyuma ya kioo unasikiliza, kidole kiko kwenye kitufe. Nikikutaja tu, unaminya.

Nimelea wagonjwa tangu wewe hujajua kutunga uzi kwenye sindano. Najua mtu anayeficha kitu anavyoonekana.

Muuguzi

18 Machi

Wifi,

Kistendi kimefika. Feni zake zinavuma mpaka mama akaomba shuka. Kompyuta nimeitoa kitandani, nimeiweka juu ya meza ndogo ya mbao mbele yake. Vumbi nimepuliza. Pazia nimeshusha. Kila ulichoagiza nimekifanya, tena bila kununa, na jana ikazimika vile vile.

Unasema nakaa nyuma ya kioo. Jana nilikuwa jikoni namenya viazi, na hata huko nilikusikia, maana unaongea na mama kana kwamba yuko ng'ambo ya mto. Ulimwambia: "Mtu ambaye hajawahi kubeba mimba atajua wapi kulea mgonjwa?" Hukujua nasikia, au ulijua. Sikuja kukujibu. Niliendelea kumenya viazi mpaka vikabaki vidogo kama gololi, na chakula cha jioni kikawa maganda.

Mimi na mdogo wako tumehangaika miaka na miaka. Mama analijua hilo. Yeye ndiye aliyekuwa ananisindikiza kwa madaktari wakati wewe huko ulikuwa unapandishwa cheo. Leo unalitoa jambo hilo kwenye kioo kama unataja bei ya nyanya.

Baadaye kidogo kompyuta ikazimika, na nakuambia bila aibu, nilishukuru. Lakini si mimi niliyeizima. Kama huniamini, tuma fundi wako, unayemtaka wewe, aje aifungue aikague mpaka utumbo. Mlango uko wazi.

Wifi yako, utake usitake,
Fundi Cherehani

23 Machi

Kwa Muuguzi,

Nimekwenda leo kwa wifi yako kama ulivyoniagiza. Nimepokelewa vizuri, mama mzee amenikaribisha mwenyewe.

Nimeifungua kompyuta. Feni inazunguka sawasawa. Dawa nyeupe inayopakwa kati ya feni na moyo wa mashine ilikuwa bado mbichi, lakini nimeibadilisha kwa usalama. Vumbi ni la kawaida, wala si la kuizima. Baada ya kuifunga nimeiacha ikionyesha video kuanzia asubuhi hadi mchana, nikiwa nimekaa hapo hapo. Ilipata joto la kawaida na haikuzimika hata mara moja.

Kitu kimoja tu. Kwenye matundu ya nyuma, pale hewa ya moto inapotokea, nimekuta nyuzi nyuzi za pamba za rangi ya zambarau zimenasa. Nimezitoa kwa kibano. Nyuzi hazifiki hapo zenyewe. Kuna kitambaa kimekuwa kikigandamizwa pale mara kwa mara.

Mashine haina ugonjwa.

Fundi Kompyuta

25 Machi

Wewe mwanamke,

Leo sikuiti wifi. Nimesoma maneno ya fundi, na jana, siku moja tu baada ya yeye kuiacha nzima, ikazimika tena mdomoni mwangu.

Nyuzi za zambarau. Katika nyumba hiyo nani anashinda na nyuzi? Sakafu ya nani imejaa vipande vya vitambaa? Ulijigamba mlango uko wazi, ukadhani fundi ataangalia juu juu aondoke. Umekuwa ukiyaziba matundu kwa makusudi, unaipika mashine taratibu ili ionekane imejifia yenyewe, na mimi huku nakesha na mawazo, nanunua feni, nauliza watu. Umenifanya mjinga mbele ya kijana wa kompyuta. Lakini kubwa zaidi, umemnyang'anya mama sauti ya mwanawe wa kwanza. Angekufa wiki hii, neno langu la mwisho kwake lingekuwa nusu.

Nimeongea na mkuu wa jengo la wazee. Kitanda kipo, karibu na mlango, nitakuwa napita hapo kila nikienda na kurudi. Gari la wagonjwa litafika kwenu tarehe 6 Aprili asubuhi, nami nitakuwa ndani yake. Mdogo wangu nimeshamwambia. Amekubali shingo upande, yaani alinyamaza, na kwake yeye hiyo ndiyo ndiyo.

Fungasha nguo za mama. Usimtie maneno.

Muuguzi

28 Machi

Wifi,

Sikutaka kukwambia. Nakuchukia, lakini si kiasi hicho. Sasa umenifikisha ukutani, na kama mtu lazima aumie ili mama asipakiwe kwenye gari, basi uumie wewe.

Nyuzi zile si zangu. Mimi nashona sare, za bluu na nyeupe, sina hata kipande cha zambarau. Nyuzi zile ni za mama.

Mtu wa mazoezi alishauri afume ili vidole viamke. Nikamnunulia uzi, rangi akachagua mwenyewe. Kitu cha kwanza alichofuma tangu augue ni kifuniko cha kompyuta yako. Unaijua nyumba ya mama yako, kila kitu kinavaa. Redio ina kifuniko, chupa za chai zina vifuniko, runinga ina chake, hata cherehani yangu imevishwa. Kompyuta peke yake ndiyo ilikuwa uchi, na mama hakulipenda jambo hilo. Alikifuma kwa wiki nyingi, mkono ukitetemeka, akifumua na kuanza upya. Kilipokamilika tukakivisha juu ya kioo, kikashuka nyuma kama shali, tukakisifu. Hatukujua kinaziba pale pale hewa inapotokea.

Jumapili iliyofuata ulipiga, ukaanza kunisema. Mashine ikawa moto, ikazimika. Nikaigusa, nikaelewa, nikakivua. Nikamwambia, mama, hiki kinaikaba pumzi, tukitoe wakati wa kuongea. Akaniuliza, "Kwa hiyo kikibaki, inazimika?" Nikasema ndiyo. Akacheka, kwa ule upande wa mdomo unaoweza kucheka.

Tangu siku hiyo, kila ukikaribia kupiga, anakiomba kifuniko chake akiweke mapajani. Ukiongea mambo ya wanao, kinabaki mapajani. Ukiongea mambo ya dawa, kinabaki mapajani. Ukianza kunisema mimi, anakiinua pole pole kwa mkono wa kushoto, anakipitisha nyuma ya kioo, anakisukuma kwenye matundu na kukishikilia hapo. Halafu anaanza kukuitikia. "Mm. Ndiyo, mwanangu. Mm." Wewe unadhani anakusikiliza. Anasubiri izimike. Ulipotuma kile kistendi chenye feni alikitazama sana, kisha Jumapili akakishinda. Alikunja kifuniko mara mbili.

Nimemsihi aache. Nimekificha, akagoma kula mpaka nikakirudisha. Nikamwambia, mama, binti yako anadhani ni mimi. Akasema, "Wewe unao ubavu wa kudhaniwa vibaya. Yeye hana ubavu wa kuambiwa ukweli." Ndiyo sababu nikanyamaza. Nilikuambia umtume fundi kwa sababu nilijua mashine ni nzima, nikasahau kwamba nyuzi hubaki.

Sasa umejua. Lete gari lako kama bado unaweza.

Fundi Cherehani

30 Machi

Kwa Fundi Kompyuta. Tafadhali nenda na barua hii, msomee mama mwenyewe, na wifi yangu asiwepo chumbani. Akikujibu, andika kila neno kama alivyolisema, hata kama ni baya.

Mama,

Shikamoo.

Naambiwa wewe ndiye unayenizima. Naambiwa una kifuniko mapajani, na nikifungua mdomo unakibana kwenye mashine na kungoja nizimike, kama mtu anayesubiri mvua ikatike. Amethubutu kuniandikia hayo kwa mkono wake. Mama, mimi namjua huyo tangu alipoletwa. Ana maneno matamu na anajua kukuzunguka. Nimejiambia ni uongo, uongo wa mtu aliyekwama.

Lakini ameandika jinsi unavyosema "Ndiyo, mwanangu. Mm." Nimelala na maneno hayo tangu juzi, maana hivyo ndivyo unavyosema kabisa.

Kesho sitapiga. Nitangojea jibu lako. Sema tu kwamba ni uongo, neno moja hilo linatosha, na tarehe 6 nitakutoa humo.

Mwanao wa kwanza

1 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Anayeandika ni fundi wako, maneno ni yangu. Mkwe wangu nimemtuma dukani, na nimemwambia asirudi haraka. Amekwenda huku amenuna, maana anadhani nataka kukutetea.

Si uongo. Ni mimi.

Usianze kulia kabla sijamaliza, najua unavyolia, unashika shingo. Nisikilize, maana leo huwezi kunikatiza.

Ungekuwa hapa ningekwambia nyamaza, nawe ungenyamaza, kwa kuwa mimi ni mama yako. Kwenye kioo hunyamazi. Nilijaribu. Nilikuambia, "Mwache mwenzio," ukasema, "Mama, wewe hujui anavyokufanyia." Mimi ndiye ninayefanyiwa, mwanangu. Ningejua kuliko wewe. Nikaona nikiendelea kubishana utasema ni yeye aliyenifundisha, kisha utamgeukia vibaya zaidi. Kukukatia simu nikashindwa. Nani anamkatia mwanawe simu? Ikaja hii ya kifuniko. Nikaona ni afadhali, mashine itasema badala yangu na wewe hutaumia. Kumbe nilikuwa namchoma mwingine. Hilo ni langu, nitalimaliza naye mwenyewe.

Neno la mimba ulilolisema lilinitia aibu mimi. Yeye alikuwa jikoni. Nilisikia kisu kimeacha kumenya, kisha kikaanza tena. Alikuja kunilisha jioni ile, akanifuta mdomo kama kawaida.

Kila Jumapili unanikagua. Nikunjue miguu, nitoe ulimi, nisome kipimo. Nashukuru, wewe ni muuguzi mzuri, watu wanakusifu. Lakini nilikuwa nangoja mwanangu apige, na kila wiki anapiga muuguzi. Siku ile ya mgonjwa na viatu vya daktari ndiyo pekee uliyonipigia wewe mwenyewe. Unaongea kwa nguvu sana kwa kuwa unadhani mimi ni kiziwi. Sikio moja ndilo limekufa, na hujawahi kuniuliza ni lipi.

Gari usilete. Sitapanda. Mkinibeba kwa nguvu nitawapigia kelele majirani wote watoke, na unajua kwamba sauti ninayo.

Mama yako. Nimetia sahihi kwa mkono wa kulia, ndiyo maana inaonekana hivyo.

4 Aprili

Wifi,

Gari nimelizuia. Kitanda amepewa mzee mwingine.

Nilikuwa nimeandika barua ndefu, nimeichana. Ilikuwa na maneno mengi ya kunitetea, na nilipoisoma nikasikia sauti ile ile inayotoka kwenye kioo. Bado nina hasira na wewe. Ulijua mwezi mzima ukaniacha ninunue feni. Ulikaa na ukweli wangu ndani ya nyumba yako ukinitazama nikihangaika, na hata kama ulikuwa unanihurumia, huruma hiyo sikukuomba. Sitajifanya imekwisha kwa sababu mama amesema.

Lakini lile neno la mimba nilisema. Sikuteleza. Nilijua uko karibu. Hilo siwezi kulifuta kwa wino, na nikikuomba msamaha humu utakuwa na haki ya kuwashia jiko barua hii.

Nimeomba ruhusa kazini. Jumamosi nitakuja mwenyewe, nitakaa mbele kwenye lori la mdogo wangu, ajikaze, safari nzima atabanwa na dada yake. Sitavaa sare. Kipimo cha presha nimekiacha kabatini. Usinipikie na usinitandikie, nitalala kwenye kochi. Ukitaka kunisema, niseme huko jikoni, mimi sina kifuniko.

Nimepekua karatasi zote za mama nilizo nazo hapa, za daktari, za vipimo, za mazoezi. Nimeandika mwenyewe nyingi kati ya hizo. Habari ya sikio haimo hata kwenye moja. Kumpigia nimuulize siwezi, atajua kwamba mpaka leo sijui. Wifi, nakuomba, niambie wewe. Nikifika chumbani kwake, nikae upande gani?

Wifi yako